Petra kwa siku moja na kikundi: fuata mwongozaji mpaka Hazina, baada ya hapo fuata maji

Swali nililoletewa, nimelifupisha: "Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia, niko Marangu, nina miaka 64. Mwezi wa kumi kikundi cha kanisa letu, watu 31, tunakwenda hija Israeli na Jordan, na ratiba ina siku moja Petra. Nimefundisha mambo ya kale miaka 30 lakini sijawahi kutoka nje ya Afrika Mashariki. Goti la kushoto linanisumbua. Jirani yangu aliyewahi kwenda anasema mwongozaji aliwaswaga kama mbuzi, wakapiga picha pale kwenye lile jengo la kwenye kadi wakarudishwa kwenye basi, na nusu ya siku ilikuwa imeishia dukani. Je, nijitenge na kikundi? Na kwa goti hili, kipi nisikose na kipi niache?"

Shikamoo mwalimu. Hapo kwenye kuswagwa kama mbuzi nimecheka halafu nikanyamaza, manake huyo jirani yako inawezekana kabisa ni mimi niliyemswaga. Nilisoma akiolojia pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nikashika mwiko na brashi miaka michache, halafu maisha yakanipeleka kwenye kusindikiza vikundi, mahujaji hasa, Misri, Israeli, Jordan, na Petra, ule mji wa kale wa kuchongwa kwenye mwamba kusini mwa Jordan, nimeshaingia mara kumi na moja. Nasema mwongozaji na nitaendelea kusema mwongozaji, kwa sababu lile neno la Kizungu ukiliandika linavyotamkwa unapata gaidi, na hilo sio neno la kukutwa nalo kwenye simu uwanja wa ndege.

Jibu kwa kifupi ni kwamba asubuhi usijitenge, jitenge mchana. Na usiende kuangalia lile jengo la kwenye kadi, hiyo Hazina yenyewe, yaani utaliona tu, lipo katikati ya njia huwezi kulikwepa, ila sio lenyewe lililonifanya nirudi mara kumi. Kilichonirudisha ni mfereji. Wewe mtu wa Marangu utanielewa kuliko mtu yeyote kwenye hilo basi lenu, nitafika hapo.

Kwanza nikuungamie. Mara yangu ya kwanza kupeleka watu nilikuwa na kikundi cha watu 22 kutoka Arusha, kampuni siitaji, ilikuwa na makubaliano na duka moja njiani la vinyago na vito, basi lazima lisimame hapo. Nikaambiwa dakika ishirini. Mle ndani wakaletewa chai, wakaonyeshwa mtu anapanga mozaiki, chai ya pili, halafu kinamama wakaanza kupatana bei za mitandio, tukatoka baada ya saa moja na dakika arobaini. Getini Petra tumefika saa tano na nusu jua limeshakaa kichwani, na basi linataka kuondoka saa tisa. Sasa piga hesabu, toka getini mpaka kule chini mwisho wa mji ni kama kilomita 4, na kurudi ni 4 zile zile ila kwa kupanda. Nikawakimbiza. Mzee mmoja, fundi cherehani mstaafu, mtu mpole sana, alifika pale mbele ya jengo akakaa kwenye jiwe akaniuliza, "kijana, hapa walikuwa wanakunywa nini?" Nikamwambia mzee twende tumechelewa. Kumbe yule mzee ndo aliuliza swali la maana kuliko yote siku ile, na mimi msomi sikumjibu.

Ndo nakujibu wewe badala yake.

Ila tumalize habari ya kikundi kwanza manake inakusumbua. Kuswagwa kunatokana na jinsi siku inavyogawanywa. Mwongozaji wa Jordan, yule mwenye leseni na kitambulisho shingoni, kawaida analipwa kwa mzunguko wa saa mbili hadi mbili na nusu, anawachukua getini, anawapitisha kwenye korongo, anaeleza jengo, anawashusha kidogo mpaka kwenye ule ukumbi wa michezo wa kale wa kuchongwa mwambani, halafu anasema sasa muda wenu, tukutane kwenye basi saa fulani. Hapo kikundi kinavunjika. Nusu wanakimbilia kivuli na soda, wengine wanapanda ngamia wapigwe picha, na wachache kama wewe wanabaki wanashangaa waende wapi, mwisho wanaona bora kurudi. Kwa hiyo huhitaji kutoroka mtu yeyote, muda wa peke yako upo kwenye ratiba tayari, shida ni kwamba unakuwa mfupi kwa sababu ya asubuhi. Kazi yako ni kupigania asubuhi.

Hapo kuna mambo mawili ya kumuuliza wakala wenu sasa hivi kabla hamjamaliza kulipa. La kwanza, usiku wa kabla ya Petra mnalala wapi? Kama mnalala Amman, hiyo ni safari ya kama masaa matatu barabarani asubuhi, kilomita 230 na ushei, mtafika watu wameshajaa. Kama mnalala Wadi Musa, mji wenyewe ulio mlangoni mwa Petra, geti linafunguliwa saa 12 asubuhi na mnaweza kuwa ndani saa 1 bado kuna ubaridi. Mng'ang'anie Wadi Musa. La pili, tiketi. Ya siku moja ni dinari 50, ya siku mbili 55. Umeona? Siku ya pili ni dinari 5 tu, kama dola 7. Ila kwa mtu anayevuka mpaka kutoka Israeli anaingia Petra siku hiyo hiyo bila kulala Jordan ni dinari 90, na baadhi ya vikundi vya hija vinafanyiwa hivyo hivyo mbio mbio, wanalipa zaidi wanaona kidogo. Uliza tena uhakikishe bei maana hizi huwa zinabadilishwa, lakini hesabu yenyewe uishike, hela kubwa iko kwenye kuingia, kukaa ni bei ya chai.

Na duka, mwambie kiongozi wa kikundi duka liwe wakati wa kurudi. Hawawezi kukataa wakiambiwa na watu kumi kwa pamoja, wakiambiwa na mmoja wanatabasamu tu.

Haya, sasa tuingie.

Getini mpaka mdomo wa korongo ni kama mita 800, njia ya changarawe inateremka. Hapo watakuja wenye farasi watakwambia farasi amelipiwa kwenye tiketi, na ni kweli amelipiwa, ila ukishuka utadaiwa bakshishi na sio ya sarafu. Neno ni hilo hilo bakshishi, utalielewa bila mkalimani. Kama goti linakuruhusu tembea, ni mteremko mpole. Lakini nikwambie kitu ambacho watu wenye magoti mabovu wanakisahau, goti huwa linalalamika kwenye kuteremka kuliko kupanda, na Petra asubuhi yote ni kuteremka, kwa hiyo utaingia ukiwa na nguvu huku goti ndo linachoka, hutahisi mpaka saa sita. Beba mkongojo, hizi fimbo za kukunja ziko sokoni bei rahisi, usione aibu. Vipo pia vigari vya umeme vinavyopeleka watu mpaka mbele ya jengo na kuwarudisha, vilichukua nafasi ya mikokoteni ya farasi. Ushauri wangu ingia kwa miguu, rudi na kigari. Ukiingia na kigari utapita kwenye korongo dakika chache kama mzigo, na korongo ndo darasa lenyewe.

Korongo wanaliita Siq. Kilomita 1.2, kuta zinapanda mpaka mita 80, sehemu nyingine upana ni mita 3 tu, mbingu unaiona kama utepe. Watu wote wanaangalia juu. Wewe angalia chini kushoto, usawa wa kiuno au kifua hivi. Utaona mfereji umechongwa ndani ya mwamba wenyewe, unaenda na wewe, ukikata kona nao unakata kona. Halafu vuka upande wa kulia, utaona njia nyembamba zaidi, na sehemu sehemu bado yamebaki mabomba. Mabomba kabisa mwalimu, ya udongo wa kuchoma, vipande vifupi kama mkono wako kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole, kimoja kinaingia kwenye mdomo wa kingine, yamelazwa kwenye ule mchongo yakazibwa na chokaa. Kuna mahali napajua, siwezi kukuelekeza kwa maandishi, ila ukienda polepole utapaona, chokaa imebaki kwenye ukingo wa bomba na unaona mchirizi wa kidole cha mtu aliyeilainisha. Miaka 2,000. Sijawahi kupita pale bila kusimama, na kila nikisimama kuna mtu nyuma yangu ananigonga na fimbo ya selfi.

Sasa unaona kwa nini nilisema Marangu. Wewe umekulia kwenye mifongo, ile mifereji ya maji ya Uchagani. Unajua maana ya kuchukua maji juu huko kwenye chanzo, kuyatembeza kwenye ubavu wa mlima, mteremko usiwe mkali yakala ukingo, usiwe mdogo yakalala njiani, na unajua mfongo hauwi wa mtu mmoja, kuna zamu, kuna mzee wa mfongo, kuna siku ya kusafisha na faini ya asiyekuja. Basi Wanabatea, Waarabu wa kale waliojenga Petra, walifanya hivyo jangwani. Chanzo chao kikubwa ni Ain Musa, chemchemi ya Musa, kilomita kadhaa juu ya mji, ile ambayo wenyeji wanasema ndipo Musa alipopiga mwamba (kikundi chenu kitasimama hapo hakika, mtaimba). Mvua pale ni kama milimita 150 tu kwa mwaka, na mji unakadiriwa ulikuwa na watu 20,000 mpaka 30,000. Walichonga mamia ya visima vya kuhifadhi mvua, mabwawa, mifereji, mabomba. Ukiwa umewahi kufundisha Engaruka, yale mashamba ya mawe na mifereji chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, wazo ni moja, mahali pakavu panapogeuzwa mji na watu waliojua maji yanapita wapi.

Hela ya kufanya hayo yote ilitoka wapi? Kwenye ubani. Ule ule ubani tunaofukiza, na manemane, ulitoka kusini mwa Arabia, Yemen na Dhofar ya Oman, ukapanda na ngamia mpaka Petra halafu ukaenda Gaza kwenye bahari. Petra ilikaa katikati ikauza maji, kivuli na ulinzi, ikatoza ushuru. Fikiria Kilwa na dhahabu ya Sofala, sultani hakuichimba, alikaa mahali ambapo lazima ipite. Mule kwenye Siq, upande wa kushoto, kuna msafara umechongwa ukutani mkubwa kama watu wa kweli, ngamia na wanaume wanaowaongoza, vichwa na miili imelika na mafuriko, kilichobaki vizuri ni miguu. Miguu ya ngamia, miguu ya mtu, ncha ya kanzu. Na mfereji unapita nyuma yao. Mchongaji hakuukatiza, akaupitisha nyuma ya mabega ya ngamia. Waongozaji wengi wanaonyesha ngamia wanasahau mfereji.

Na usidhani maji yalikuwa rafiki tu. Korongo lile mvua ikinyesha milimani linageuka bomba. Wenyewe Wanabatea walijenga bwawa pale mdomoni na kuchonga handaki la kuyageuzia maji upande mwingine, linazidi mita 80, utaliona kulia kabla hujaingia. Karne zikapita bwawa likafa, na mwaka 1963 mafuriko yakawakuta watalii wa Kifaransa ndani ya Siq, zaidi ya 20 wakafa. Baada ya hapo ndo wakajenga bwawa upya pale pale pa zamani, na handaki la miaka 2,000 likarudi kazini. Novemba 2018 pia maji yalikuja, wageni zaidi ya 3,000 wakatolewa. Mwezi wa kumi mwishoni ndo mvua za kule zinaanza anza, kwa hiyo siku mwongozaji au askari akisema tokeni, hapo usijitenge na mtu, toka. Huu ndo wakati pekee wa kuswagwa kama mbuzi kwa furaha.

Mwisho wa korongo ndo lile jengo. Linachungulia kwanza kama ufa mwekundu, halafu linafunguka lote, karibu mita 40 kwenda juu. Wanaliita Khazneh. Sema polepole, Khazneh, khazina, hazina. Neno letu kabisa. Mabedui waliamini Firauni alificha hazina kwenye ule mtungi wa jiwe kule juu kabisa, wakawa wanaupiga risasi wauvunje, alama za risasi utaziona. Mtungi ni jiwe gumu mpaka ndani. Jengo lenyewe wengi wetu tunaamini ni kaburi la kifalme, na anayetajwa zaidi ni mfalme Areta wa Nne, aliyetawala kuanzia mwaka 9 kabla ya Kristo hadi 40 baada. Fungua 2 Wakorintho 11:32, Paulo anasimulia jinsi liwali wa mfalme Areta alivyoulinda mji wa Dameski ili amkamate, akashushwa ukutani ndani ya kapu. Ni Areta huyo huyo. Watu hawa wa kikundi chako wameusikia huo mstari maisha yao yote, waambie mkiwa mmesimama pale, utaona basi zima linanyamaza. Wanaakiolojia walikuta makaburi mengine chini ya ule uwanja, mwaka 2003, na 2024 wakakuta kaburi lenye mifupa ya watu 12. Kuingia ndani ya jengo hairuhusiwi, na hukosi kitu, ni vyumba vitupu. Vijana watakunong'oneza wakupandishe juu ya mwamba wa mbele upate ile picha ya mtandaoni, usiende, njia ni mbaya hata kwa goti zima.

Ukikaa pale kunywa maji mkumbuke Burckhardt. Huyu Mswisi ndo anaandikwa kila mahali kwamba "aligundua" Petra mwaka 1812, wakati mabedui walikuwa wanalala mle kila siku. Alijifanya Mwislamu anaitwa Sheikh Ibrahim, akasema ana nadhiri ya kuchinja mbuzi kwenye kaburi la Nabii Harun, lile jumba jeupe juu ya kilele utaliona kwa mbali. Mwenyeji aliyekuwa anamwongoza akaanza kumtilia shaka kila akisimama kuchungulia jengo, akamshuku kuwa mwizi wa hazina, basi yule bwana akapita haraka haraka hata kuchora hakuweza, jioni ikamkuta akachinja mbuzi wake akaondoka. Yaani Mzungu wa kwanza kuiandika Petra naye alikimbizwa na mwongozaji. Mwambie jirani yako, atajisikia afadhali.

Sasa hapa mwongozaji anapowaaga, au hata akiwafikisha kwenye ule ukumbi wa michezo, ndo saa yako. Wengi wataenda kwenye Deir, lile jengo kubwa la kuchongwa kule mlimani, ngazi zaidi ya 800. Wewe acha. Nasema kwa moyo mzito manake ni pazuri, lakini kupanda ni kama saa nzima na kushuka ndo goti litakuchukia mpaka Yerusalemu. Na usikubali punda. Punda kwenye ngazi zile zilizolika anateleza, nimeona mama amedondoka, na wale wanyama wanachapwa usiku na mchana.

Badala yake shuka taratibu, njia ni tambarare kiasi, mpaka barabara ya nguzo, ile ya mawe makubwa ya zamani. Kushoto kwako kuna hekalu kubwa lenye ngazi pana, na pembeni yake eneo ambalo zamani wataalamu waliliandika kwenye ramani kama soko. Mwaka 1998 wakachimba, wakakuta sio soko. Ni bwawa. Bwawa la maji la mita 43 kwa 23, kina mita 2 na nusu, na katikati kisiwa chenye banda, na bustani mbele yake. Jangwani! Leo hutaona maji, utaona uwanda mkavu na kuta chache na kibao, watu wanapita wanakula biskuti hawageuki hata shingo. Ila wewe unajua mfereji umetoka wapi, umeufuata toka asubuhi kwa macho yako, sasa unaona ulikuwa unaenda wapi. Mfanyabiashara ametoka Gaza au Yemen amekauka midomo, anaingizwa mjini, na kitu cha kwanza anachoonyeshwa na mfalme ni maji ya kuogelea. Hiyo ndo ilikuwa dhahabu yao ya kujionyeshea. Yule mzee wa Arusha aliyeuliza walikunywa nini, laiti ningempeleka hapo.

Kama bado una nguvu, upande wa pili wa barabara, juu kidogo, kuna kanisa la karne ya 5 lina mozaiki sakafuni, wanyama, wavuvi, majira ya mwaka, wameliezekea. Humo mwaka 1993 walikuta hati za mafunjo kama 140 zilizoungua, ni mikataba, mirathi, ugomvi wa mipaka. Kwa hiyo wale wanaokwambia Petra ilikufa Warumi walipoichukua mwaka 106, au tetemeko la 363 lilipoivunja, wakati karne ya 6 watu bado wanashtakiana kuhusu viwanja, wapuuze. Makaburi ya kifalme utayaona upande wa kushoto ukiwa unarudi, jua la mchana linayapiga mpaka mwamba unakuwa kama nyama ya tikiti. Yatazame toka chini, yana ngazi.

Mambo madogo madogo. Maji lita moja na nusu walau, raba zilizoshaizoea miguu yako usiende na mpya, kofia, na mtandio wa shingoni kwa vumbi. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano usiiache nyumbani hata kama wakala anasema haiulizwi. Vyoo vizuri viko getini na kule chini kwenye migahawa. Watoto watakuuzia kadi na vikuku, wazuri wana maneno matamu lugha sita, mi siwanunulii, manake mtoto akiuza vizuri asubuhi hapelekwi shule, nanunua kwa mama zao waliokaa mezani, wengi ni Wabdul, kabila lililokuwa linaishi kwenye mapango hayo hayo mpaka miaka ya 80 serikali ilipowahamishia kijiji cha Umm Sayhoun hapo juu. Wamekaribisha chai, kunywa, sukari nyingi kama ya mwambao.

Saa ya kuanza kurudi ni ile uliyoambiwa ya basi toa saa mbili. Usitoe saa moja. Rudi polepole mpaka mbele ya Khazneh panda kigari, mchana foleni inakuwa ndefu kwa hiyo asubuhi ukipita getini uliza kabisa tiketi ya kurudi wanauzaje. Na kabla hujajitenga mwambie mtu mmoja, sio kiongozi, mtu mmoja mwenye akili na simu yenye chaji, nakwenda mpaka bwawani narudi. Kiongozi ana watu 31 atakusahau.

Na ule mchanga wa rangi kwenye chupa, wenye ngamia wamechorwa ndani, ulioniuliza chini kabisa ya barua kama unafaa zawadi ya wajukuu. Unafaa, na atakuandikia jina la mjukuu hapo hapo kwa sindano unaona. Ila mwambie azibe juu kwa gundi mbele ya macho yako usubiri ikauke. Wangu wa kwanza ulizibwa kwa maneno tu, ngamia wangu watatu walifika Kilimanjaro Airport wakiwa ndani ya viatu.